Kuzeekea Ugenini: Wazee Wahesabuo Siku Ufaransa

Mwenda kwao si mtumwa, walisema wahenga, na methali hiyo tumezoea kuitumia tumwonapo mtu aliyefanya kazi miaka thelathini Nairobi, Jeddah au London akirudi Lamu, Mombasa au Vanga kuja kumalizia siku zake karibu na makaburi ya wazazi wake. Kwetu sisi kustaafu ni kurudi. Mtu akishapokea kiinua mgongo chake, swali aulizwalo ni moja tu: anarudi lini?

Wako watu wengine ambao kwao kustaafu ni kuondoka. Mtu huuza nyumba aliyolelea watoto, hufunga mizigo yake, akaenda kuzeekea katika nchi ambayo hana shangazi wala mjomba. Watu wa mwambao si wageni wa habari hiyo. Wataliano wazee tumewaona Malindi na Watamu, na nyumba za mawe za Lamu tumeziona zikipita mikononi mwa Wazungu. Lakini hao wanaokuja kwetu ni wachache. Walio wengi huhama humo humo Ulaya, na nchi mojawapo wanayoipenda sana ni Ufaransa.

Jambo hili lafaa kutazamwa kwa makini, kwa sababu wazee wanaozeekea Ufaransa ugenini ni wa namna mbili. Kuna aliyekwenda kwa kupenda, na kuna aliyekwenda kufanya kazi akakuta uzee umemfikia huko huko. Sheria inayowahusu ni ya nchi moja, lakini haiwashiki kwa mkono mmoja.

MJI WA POITIERS

Tuuchukue mji mmoja uwe mfano wetu. Poitiers uko upande wa magharibi ya kati ya Ufaransa, na kutoka Paris gari la moshi la mwendo wa kasi huufikia kwa muda usiotimia saa moja na nusu. Wakazi wake ni kama 90,000. Si mji mkubwa wa kumpoteza mtu, wala si kijiji cha kumchosha. Umejengwa juu ya kilima kati ya mito miwili, Clain na Boivre, na mitaa yake ya zamani ni myembamba yenye nyumba za mawe meupe.

Mji huo una chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1431, nacho kina wanafunzi zaidi ya 25,000, basi mitaa haikosi vijana. Una hospitali kubwa ya chuo kikuu. Soko liko katikati, kando ya kanisa la Notre-Dame-la-Grande lililojengwa karne ya 11 na ya 12, na humo huuzwa jibini ya maziwa ya mbuzi iitwayo chabichou. Wenyeji wana hekaya kwamba jina hilo lilitokana na neno la Kiarabu la mbuzi, lililoachwa na askari Waislamu waliobaki huko baada ya vita. Hekaya ni hekaya, lakini vita vyenyewe vilikuwako.

Msomaji wa tarehe ya Kiislamu analijua jambo hilo. Mwaka 732, sawa na mwaka 114 wa Hijria, jeshi lililotoka Andalusia chini ya amiri Abdulrahman al-Ghafiqi lilipambana na Wafaranka wa Charles Martel mahali fulani kati ya Tours na Poitiers. Amiri akafa vitani, na jeshi lake likarudi kusini. Waarabu wamepaita mahali hapo Balat al-Shuhada, yaani njia ya mashahidi. Mtoto wa Kifaransa naye husomeshwa mwaka huo shuleni tangu zamani.

Waingereza pia wana habari zao na mji huo. Mwaka 1152 Eleanor, bibi wa nchi ya Aquitaine, aliolewa Poitiers na Henry, ambaye miaka miwili baadaye alikuwa mfalme wa Uingereza. Mwaka 1356 jeshi la Waingereza likawapiga Wafaransa karibu na mji huo na kumteka mfalme wao, Jean wa Pili. Sasa Waingereza wamerudi tena, na mara hii hawakuja na pinde bali na pensheni.

KINACHOWAVUTA

Kwa hesabu ya mwaka 2016 Waingereza waliokuwa wakikaa Ufaransa walikuwa karibu 150,000. Wengi zaidi walikuwa katika jimbo kubwa la kusini-magharibi liitwalo Nouvelle-Aquitaine, ambalo Poitiers imo ndani yake, na sehemu kubwa ya hao ni wastaafu.

Sababu yao ya kwanza ni nyumba. Mtu aliyekuwa na nyumba ya kawaida kusini ya Uingereza akiiuza, fedha zake zilimtosha kununua nyumba nzima ya mawe yenye bustani katika nchi ya Poitou, na akabakiwa na akiba. Sababu ya pili ni hali ya hewa, ambayo si baridi kali wala si joto la kuunguza. Sababu ya tatu ni chakula na utulivu.

Ya nne, nayo ndiyo kubwa kuliko zote ingawa haisemwi sana, ni matibabu. Mstaafu apokeaye pensheni ya serikali ya Uingereza hupewa cheti cha kwenda nacho Ufaransa, akaandikwa huko, akatibiwa kama wenyeji, na gharama ikalipwa na Uingereza. Tena pensheni yake huongezwa kila mwaka kama kwamba hakuondoka kwao.

Hapo pana jambo ambalo ndugu zetu waliofanya kazi Uingereza yawapasa walijue. Nyongeza hiyo ya kila mwaka haitolewi kila mahali. Hutolewa kwa wakaao Ulaya na katika nchi chache nyingine zilizopatana na Uingereza, na Kenya haimo. Mzee wa Mombasa aliyetoa michango yake huko kisha akarudi kwao, pensheni yake husimama pale pale ilipokuwa siku alipoanza kuipokea akiwa huku, hata bei ya unga ikipanda namna gani. Mwenzake aliyekwenda kuzeekea Poitiers huongezewa. Kwa hiyo kurudi kwao kumemgharimu.

MLANGO ULIPOBANWA

Kwa miaka mingi Mwingereza hakuhitaji ruhusa ya mtu yeyote kuhamia Ufaransa. Nchi yake ilikuwa katika Umoja wa Ulaya, na raia wa Umoja huo hukaa popote humo. Mwaka 2016 Waingereza walipiga kura ya kujitoa, wakatoka rasmi tarehe 31 Januari 2020, na muda wa mpito ukaisha mwisho wa mwaka huo. Waliokuwa wamekwisha kufanya makazi yao Ufaransa walihifadhiwa haki zao na wakapewa vyeti. Lakini aliyekuja baada ya hapo alikuta mlango umerudishwa.

Tangu hapo Mwingereza ni sawa na Mmarekani, na mbele ya karatasi ni sawa na Mkenya vile vile. Akitaka kukaa zaidi ya siku 90 lazima aombe viza ya muda mrefu kabla ya kuondoka kwao. Mstaafu huomba ile iitwayo viza ya mgeni. Huahidi kwamba hatafanya kazi, huonyesha bima ya matibabu na mahali atakapokaa, na huthibitisha kwamba ana mapato yanayokaribia mshahara wa kima cha chini wa Ufaransa. Viza hiyo ni ya mwaka mmoja, kisha huomba kibali upya. Baada ya miezi mitatu ya kukaa aweza kuomba kuingia katika bima ya matibabu ya taifa, jambo lililozusha mabishano Bungeni mwaka 2025, kwani wako wabunge walioona si haki wageni wenye mali waingie bila ya kutoa ada.

Tazama sasa. Sheria haikumkataza Mkenya. Haikusema mweusi au mweupe, Mwislamu au Mkristo. Imesema tu mapato, na mapato hayo ni kiasi cha Euro 1,400 kwa mwezi, zaidi ya shilingi laki mbili za Kenya. Pensheni ngapi za huku kwetu zafika hapo? Mlango uko wazi, lakini kizingiti kimeinuliwa.

Wako pia Waingereza ambao hawakuhamia moja kwa moja, bali walinunua nyumba ya pili na kuzoea kukaa humo nusu ya mwaka. Hao nao wanaruhusiwa siku 90 tu katika kila siku 180, isipokuwa wakiomba viza. Mwaka 2023 Bunge la Ufaransa lilitaka kuwafungulia njia wenye nyumba hao, lakini tarehe 25 Januari 2024 Baraza la Katiba likakitupa kifungu hicho. Basi mzee mwenye nyumba yake halali, aliyelipa kodi zake zote, sasa huhesabu siku kwenye kalenda asije akazidisha.

SHAIBU WA UFARANSA

Tumgeukie mzee wa namna ya pili. Wafaransa humwita chibani, neno walilolichukua kwa watu wa Moroko, Aljeria na Tunisia. Mswahili hahitaji mkalimani hapa. Chibani ni ndugu wa shaibu, na maneno yote mawili yametokana na neno la Kiarabu la mvi.

Mashaibu hao walikwenda Ufaransa wakiwa vijana baada ya vita kuu vya pili, nchi hiyo ilipohitaji mikono ya kujenga barabara, kuchimba makaa ya mawe na kuunda magari. Mwaka 1963 Ufaransa ilifanya mapatano ya wafanyakazi na Moroko na Tunisia. Yuko Mfaransa mmoja, Félix Mora, aliyezunguka vijiji vya kusini mwa Moroko akichagua vijana wa machimboni, na waliokuwako wamesimulia jinsi vijana walivyopangwa mstari vifua wazi wakapigwa mihuri, wa kijani kwa aliyekubaliwa na mwekundu kwa aliyekataliwa.

Walikwenda peke yao bila wake wala watoto, kwani walidhani, na Wafaransa walidhani pia, kwamba watakaa miaka michache tu. Wengi waliwekwa mabwenini. Shirika lililojenga mabweni mengi lilianzishwa mwaka 1956 kwa ajili ya Waaljeria, likajulikana baadaye kwa jina la Sonacotra. Chumba cha mtu hakikutimia mita kumi za mraba. Mambo yalikuwa magumu hata wapangaji wakagoma kulipa kodi kuanzia mwaka 1975, na mgomo ule ulichukua kama miaka mitano.

Mwaka 1974 Ufaransa ilisimamisha uingizaji wa wafanyakazi. Kijana aliyekuwa akienda na kurudi akaona kwamba akitoka huenda asirudi tena, basi akabaki. Mwezi ukageuka mwaka, na mwaka ukageuka umri. Fedha alizituma kwao kila mwezi, nyumba akaijenga kijijini, watoto wakasoma na kuoa, yeye akiwa kwenye chumba kile kile. Mwaka 2013 tume ya Bunge la Ufaransa ilipochunguza habari zao, ilitaja wazee zaidi ya laki tatu waliopita miaka 65, wenyeji wa nchi zilizo nje ya Umoja wa Ulaya.

Sasa mtu atauliza, maadamu mzee huyo amestaafu, nyumba anayo kwao, na mkewe yu hai, ana nini cha kumzuia? Jawabu lake limo katika hesabu ya malipo.

Pensheni aliyoichangia humfuata popote. Lakini pensheni hiyo aghalabu ni ndogo, kwa kuwa kazi zake zilikuwa za mishahara ya chini, na mara nyingine tajiri hakumwandikisha. Ndipo serikali ikamwongezea posho ya uzeeni, ili jumla ya mapato ya mzee asiye na mwenza ifike zaidi kidogo ya Euro 1,000 kwa mwezi. Posho hiyo haivuki bahari. Zamani ilimlazimu mzee akae Ufaransa miezi sita ya mwaka ili asiikose. Tangu tarehe 1 Septemba 2023 ni miezi tisa. Akikaa kwao na wajukuu zaidi ya miezi mitatu, hukatwa.

Wala si maneno ya karatasini tu. Kati ya mwaka 2009 na 2010 wakaguzi walipita katika mabweni ya miji kadha ya kusini, wakazifungua pasipoti na kuhesabu mihuri ya kutoka na kuingia. Wazee waliokutwa wamepitisha muda walitakiwa warudishe fedha walizokwisha kuzila.

Weka wazee hao wawili sasa bega kwa bega. Mwingereza mwenye nyumba Poitiers huhesabu siku asije akakaa Ufaransa kupita kiasi. Shaibu wa Moroko huhesabu siku asije akatoka Ufaransa kupita kiasi. Mmoja ataka kubaki akaambiwa aondoke, na mwingine ataka kuondoka akaambiwa abaki. Na yule aliyeambiwa abaki ndiye aliyezijenga zile barabara ambazo mwenzake hupita kwa gari.

Haki si kwamba haikupatikana kabisa. Wamoroko zaidi ya 800 waliofanya kazi katika shirika la reli la Ufaransa walilishtaki shirika hilo kwa kuwanyima vyeo na pensheni walizopewa wenzao Wafaransa. Mahakama ya kazi ya Paris iliwapa ushindi mwaka 2015, na mahakama ya rufani ikauthibitisha tarehe 31 Januari 2018. Kadhalika tangu mwaka 2016 kuna msaada mwingine uliowekwa kwa wazee wa mabwenini wanaotaka kukaa kwao muda mrefu, na masharti yake yamelegezwa baadaye. Lakini walioomboleza siku zote ni wengi kuliko waliongojea mpaka wakapata. Wengine walikwisha kufa.

Hata hao wenye subira wametafuta pa kukutana. Huko Paris, mtaa wa Belleville, tangu mwaka 2003 kuna mkahawa maalumu wa wazee hao, ulioanzishwa na chama kiitwacho Ayyem Zamen. Maana yake ni siku za zamani, na neno zamani hilo ni lile lile tulitumialo sisi. Huenda wakanywa chai kwa bei nafuu, wakasaidiwa kujaza karatasi za serikali, na wakacheza dhumna. Ni baraza, ila haina bahari mbele yake.

Na tusidhani kwamba habari hii ni ya watu wa Maghribi peke yao. Marseille ina Wangazija makumi ya maelfu, watu ambao dini yao, kanzu zao na sehemu kubwa ya maneno yao ni kama yetu. Kizazi chao cha kwanza kilikuwa na mabaharia wengi. Wao nao wana wazee waliojenga nyumba visiwani, wakatoa ada zao, na bado wako Marseille wakihesabu miezi.

MKONO WA NANI?

Turudi kwa yule aliyehama kwa kupenda, maana naye ana shida zake. Miaka kumi ya kwanza ya kustaafu ni miaka ya bustani na matembezi. Miaka inayofuata ni ya magoti. Kituo cha gari la moshi cha Poitiers kiko bondeni, na mji wa kale uko juu. Ngazi zilizompendeza akiwa na miaka 62 si zile atakazozipanda akiwa na 82.

Ufaransa yasifiwa kwa hospitali zake, na kwa haki. Hata hivyo kwa desturi ya huko kila mtu hutakiwa awe na daktari wake wa kawaida, na leo mamilioni ya watu hawana, hasa mashambani, kwa sababu madaktari wanaostaafu hawapati wa kushika nafasi zao. Aliyenunua nyumba nzuri kijijini mwendo wa nusu saa kutoka mjini huenda akaligundua hilo siku ya haja.

Kuna na lugha. Madaktari wameona kwamba mzee anapoanza kupotewa na kumbukumbu, mara nyingi lugha aliyojifunza ukubwani ndiyo hutangulia kumtoka, akabaki na ile aliyonyonya kwa mamake. Hapo Mwingereza wa Poitiers na shaibu wa bwenini huwa sawasawa. Kila mmoja huita maji kwa lugha ambayo muuguzi haijui.

Kisha kuna upweke. Agosti 2003 joto kali liliingia Ufaransa, na kwa majuma machache tu wakafa watu kama 15,000, wengi wao wazee, na wengi katika hao wakiwa peke yao vyumbani huku jamaa zao wako likizo. Jijini Paris walibaki maiti 57 wasio na wa kuwadai, na Rais Jacques Chirac alihudhuria maziko yao tarehe 3 Septemba. Nchi nzima iliona haya. Wafaransa wakaweka sheria ya kufanya kazi siku moja ya ziada kila mwaka ili fedha zake ziwatunze wazee na wasiojiweza. Fedha zilipatikana, lakini kumgongea jirani mlango si kazi ya fedha.

BAADA YA KUFA

Mwislamu anayefikiri kuzeekea huko, au aliye na mzazi huko, hana budi kuyajua mambo mawili: mirathi na kaburi.

Katika mirathi sheria ya Ufaransa haimruhusu mtu kumnyima mwanawe, tofauti na sheria ya Kiingereza ambayo humwachia mtu uhuru mkubwa katika wasia. Mwenye mtoto mmoja aweza kuusia nusu ya mali yake. Mwenye wawili aweza kuusia thuluthi. Mwenye watatu au zaidi aweza kuusia robo tu, na iliyobaki ni ya watoto, wa kike na wa kiume kwa kiasi sawa. Tangu mwaka 2015 mgeni aweza kuandika wasia akichagua sheria ya taifa lake ifuatwe, ingawa sheria ya mwaka 2021 imewapa watoto njia ya kudai fungu lao katika mali iliyoko Ufaransa. Neno thuluthi tunalijua, lakini mgawanyo wote si ule wa faraidhi. Asiyeandika mapema huwaachia warithi ugomvi.

Kaburi nalo lina taratibu zake. Makaburi ya Ufaransa ni mali ya serikali za miji, na meya ndiye mwenye hiari ya kutenga sehemu ya Waislamu. Baadhi ya miji imetenga, mingine haikutenga, na palipo na sehemu hiyo mara nyingi imejaa. Maiti hazikwi kabla ya kupita saa 24, wala hawekwi kaburini kwa sanda peke yake bila ya jeneza. Na kaburi aghalabu hukodiwa kwa muda, miaka 15, 30 au 50. Muda ukiisha bila wa kulipa, mji huweza kulichukua.

Ndiyo sababu wazee wengi wa Maghribi hutoa michango ya bima ili wakifa wasafirishwe kwao. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, Moroko ilifunga mipaka hata kwa maiti, na watu waliolipia safari hiyo ya mwisho kwa miaka mingi wakazikwa Ufaransa, tena kwa kutafutiwa nafasi kwa taabu.

Poitiers penyewe jambo la kukubaliwa au kukataliwa lilionekana wazi. Oktoba 2012 vijana kama sabini wa chama cha wapinga wageni waliupanda msikiti uliokuwa ukijengwa mjini humo, wakatandaza kitambaa chenye tarakimu 732. Serikali na vyama vikubwa vililaani kitendo hicho, na kesi ikafikishwa mahakamani. Mwaka 1356 haukuandikwa kwenye kitambaa chochote, ingawa waliomteka mfalme wao mwaka huo walikuwa Waingereza. Katika kumbukumbu za watu, wako maadui waliosamehewa na wako ambao bado.

NA SISI JE?

Hatuna haja ya kumcheka yeyote. Mwambao wetu umekuwa Poitiers ya wengine. Kenya yenyewe hutoa kibali cha ukaazi kwa mgeni aliyefika miaka 35 mwenye mapato ya uhakika kutoka nje, akiahidi kutofanya kazi, na kwa kibali cha namna hiyo Mzungu mstaafu hukaa Malindi au Diani. Wengine wamekuwa majirani wema wanaojua jina la kila mtoto mtaani. Wengine nyumba zao hufungwa miezi tisa kwa mwaka, na mtaa uliokuwa na taa kila dirisha ukabaki na mlinzi na paka.

Upande wa pili, vijana wetu wako Ghuba na Ulaya kwa maelfu. Nchi za Ghuba kwa desturi hufunga ukaazi na kazi. Kazi ikiisha, mtu hurudi. Dubai ilianzisha viza ya wastaafu mwaka 2020, lakini ni kwa wenye mali, na mtumishi wa nyumbani hayumo. Walioko Ulaya huweza kubaki, na wengi watabaki. Kwa hao uzee hautakuja na barua ya kuwaonya.

Kwa hiyo mwenye ndugu huko na amwulize maswali haya angali ana nguvu. Michango yake ameandikishwa kwa kila mwaka aliofanya kazi? Pensheni yake ipi itamfuata akirudi, na ipi itakatwa kwenye uwanja wa ndege? Akirudi Kenya, dawa zake za kila siku atazilipa nani? Ameandika wasia, na kwa sheria gani? Na yule wa huku atumiwaye fedha kila mwezi naye ajiulize: nyumba ile iliyojengwa kwa jasho la mtu aliyeko mbali, ina chumba cha chini ambacho mzee mwenye magoti mabovu ataweza kuingia bila kupanda ngazi?